Zamu ya Beki Loriol

Kazi ya Justus ilikuwa kusimama. Alilinda mlango wa mbele wa jengo refu la vioo huko Dubai Silicon Oasis, na masharti yake yalijulikana na kila mlinzi: hukai, huegemei ukuta, huondoki mpaka mwenzako aje kukupokea zamu. Miaka miwili ya kazi hiyo ilikuwa imeifanya miguu yake migumu kama nguzo za umeme. Basi ni bahati kwamba siku Angella alipolitaja lile jina walikuwa nje ya kanisa kule Jebel Ali, maana nguzo zote mbili zilimlegea kwa pamoja akajikuta ameketi kwenye ngazi, na suruali yake nyeupe ya Ijumaa, siku ya ibada huko, ikiwa chini kwenye vumbi.

"Rudia," akamwambia.

"Loriol," Angella akasema. "Mista Bastien Loriol. Bosi wangu. Mbona unanitazama hivyo? Madam anasema zamani alicheza mpira. Siku hizi anacheza na vikopo vya chumvi."

Angella alikuwa Mganda wa Masaka, mfanyakazi wa nyumbani katika villa moja kule Al Warqa, na Kiswahili chake alijifunzia papo hapo Dubai kwa Wakenya wa kwaya. Mpira hakuujua hata kidogo. Kwa hiyo Justus ilimbidi amweleze, huku watu wakiwaruka pale ngazini, habari ya kinyozi wa Luanda.

Katika kibanda cha kinyozi huyo, kule kwao Vihiga, Kenya, kulikuwa na picha za wachezaji zilizokatwa magazetini na kubandikwa ukutani, na watoto wa mtaa waligawana picha hizo kama mashamba ya urithi. Kila mtoto na mchezaji wake. Ukishampata, ndiye wewe: ndilo jina utakaloitwa uwanjani mpaka ndevu ziote. Justus alifika siku ya mgao akiwa wa mwisho, kwa sababu alikuwa ametumwa sukari, akakuta wafungaji wote wamechukuliwa. Ilibaki picha moja isiyotakiwa na mtu: beki Mfaransa, jezi ya buluu, macho yamefumba, anazuia mpira kwa uso. Pua imepinda kabisa. Chini yake yameandikwa maneno mawili, Bastien Loriol.

Justus akamchukua kwa huzuni, kama mtu anavyochukua kitumbua kilichoungua. Kisha akaanza kumfuatilia kwenye redio na kwenye televisheni ya duka la dawa, na huzuni ikageuka kuwa mapenzi. Loriol hakufunga bao hata moja maisha yake yote ya uchezaji. Si kwa klabu, si kwa taifa. Hakuuvuka mstari wa kati ila wakati wa kubadilishana upande. Lakini mpira ukipigwa kuelekea golini mwao, kama kuna mguu, goti, bega au pua iliyojitokeza mahali pasipotarajiwa, ilikuwa ya Loriol. Justus naye akawa beki. Mpaka leo mama yake akimpigia simu humwita Lorioli.

"Basi huyo mtu wako ameisha," Angella akasema kwa upole, akamsimulia yaliyobaki. Baada ya goti kukataa, Loriol akawa kocha. Timu ya kwanza ikashuka daraja. Ya pili ikamwacha kabla ya Pasaka. Ya tatu ilikuwa hapa Dubai, nayo ilimwambia khalas, basi, mwezi uliopita, baada ya kufungwa mechi ambazo Angella hakuzihesabu ila alizijua kwa jinsi chakula kilivyorudi jikoni. Sasa nyumba nzima ilikuwa ndani ya makatoni, wiki ijayo wanarudi kwao. Timu ndogo ya mji alikozaliwa ilikuwa imempigia simu ikimtaka awe kocha wake, na rais wa timu alitaka jibu Ijumaa inayofuata kabla jua halijazama. Bosi alikuwa ameshamwambia madam jibu lenyewe. Hapana. Atafungua duka la vigae vya sakafu na shemeji yake.

"Vigae," Justus akasema.

"Vigae. Na usiku, nisamehe kusema, nasikia vikopo vya chumvi vikitembea mezani. Mtu anayetaka kuuza vigae hapangi chumvi namna ile."

Justus akasimama, akajikung'uta vumbi, na pale pale kichwani mwake likaingia wazo la kipumbavu na zuri sana. Ijumaa ijayo ndiyo ilikuwa fainali.

Lazima niieleze fainali hiyo. Nyuma ya majengo ya Silicon Oasis kulikuwa na kiwanja kitupu cha mchanga uliogandamana, na kila Ijumaa alasiri ilichezwa hapo ligi ya watu wanaofanya kazi kwa zamu. Ilikuwa na sheria zake. Iliyo kubwa ni kwamba basi la kampuni likija kuchukua watu wa zamu ya jioni, mchezaji anatoka hata kama ameshika mpira wa penalti, na yeyote aliyesimama kando ya mstari anaweza kuingia mahali pake. Timu ya Justus, Geti FC, ilikuwa ya walinzi watupu, Wakenya na Waganda. Kocha haikuwahi kuwa naye. Kapteni alikuwa kipa wao, Nasifu wa Mbale, mtu mpana mwenye sauti ya mwadhini na ulimi wa shangazi wa harusini.

Nasifu alipoambiwa wazo hilo alicheka hadi akaegemea ukuta, jambo lililokatazwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Yule wa pua?"

"Yule wa pua."

"Mlete," akasema Nasifu. "Hata akikaa tu. Sisi tutamwangalia."

Kumleta kulikuwa kazi ya Angella, na Angella alimwendea madam. Madam Solène alikuwa anafunga vyombo kwa magazeti. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka sahani chini, akasema kwamba amwalike popote, sokoni, mazishini, popote, mradi mtu yule atoke kwenye kochi. Nguvu za kumsihi aikubali ile timu zilikuwa zimemwisha. Akirudi siku hiyo bado anasema hapana, yeye hatalitaja neno mpira nyumbani mwake tena.

Hivyo Ijumaa ilipofika, baada ya watu kutoka swala, gari la familia lilimshusha Bastien Loriol kwenye kiwanja cha mchanga pamoja na mfanyakazi wake wa nyumbani, ambaye alikuwa amekabidhiwa simu ya bosi mkononi na madam mwenyewe. Walinzi wote wa Geti FC walijipanga mstari mmoja na kusimama wima kama wanaokaguliwa. Loriol alikuwa amenenepa kidogo, amevaa miwani ya jua na viatu vya kitambaa. Pua ilikuwa ile ile. Justus alipopewa mkono alisahau Kiingereza chote, akasema tu, "Mimi pia ni wewe, sir," na Nasifu ikabidi aingilie kati kueleza.

Loriol akatabasamu kwa adabu. Alipewa kreti ya maji aikalie, akaikalia, mikono imekunjwa kifuani, kama mgeni aliyepelekwa kwenye harusi ambayo hamjui bwana wala bibi. Nasifu alimwomba neno moja la kuwapa moyo. Loriol akasema ukweli, na akausema polepole ili waelewe.

"Mimi si kocha. Kocha anasimama nje ya mstari. Nikiwa nje nikaona pengo, nafanya nini? Nalitazama tu. Kuzaliwa nimezaliwa niwe ndani."

Justus aliyasikia hayo yakamwingia moyoni, na filimbi ikalia.

Wapinzani walikuwa wahandisi na watu wa kompyuta wa ghorofa za juu, wapangaji wa majengo yale yale yaliyolindwa na Geti FC. Mshambuliaji wao, Sir Faris, Mlebanoni wa ghorofa ya tisa, alikuwa mtu mwema aliyepita mlangoni kwa Justus kila asubuhi na kikombe cha kahawa. Alikuwa na mbio. Dakika za mwanzo tu aliupata mpira katikati, akawapita wawili, na mbele yake akabaki Justus peke yake. Wakatazamana. Sir Faris, kwa furaha ya kumwona mtu anayemfahamu, akatabasamu na kuinua nyusi vile vile kama asubuhi.

Na Justus, Mungu amsamehe, akapiga hatua moja kulia, akanyoosha mkono wa kushoto kuonyesha njia, akainamisha kichwa kidogo.

Sir Faris akapita. Bao.

Kiwanja kizima kilishikwa na bumbuazi kwanza, halafu kicheko kikapasuka kutoka pande zote, hata refa akageuka kuficha uso. Nasifu alilala kifudifudi mchangani akipiga ardhi kwa glavu. "Umemfungulia, banange, jamani!" alilia. "Umemfungulia mtu mlango! Si ungembebea na mizigo!"

Walifika mapumziko wakiwa nyuma kwa bao hilo moja. Justus alikuja kando na kichwa chini, akatamani mchanga ummeze. Loriol alikuwa ameshasimama kutoka kwenye kreti. Alivua miwani.

"Yule mtu. Kwa nini ulimpisha?"

Justus hakuwa na uongo wa karibu, akasema kweli. "Ni mpangaji, sir. Ghorofa ya tisa. Ana kadi."

Loriol akamtazama. Mdomo ukaanza kumtetemeka. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa kilichomkunja mpaka akashika lile goti bovu kwa mikono miwili, akainuka, akajaribu kusema, akakunjwa tena. Angella, aliyekuwa amesimama nyuma na simu, aliapa baadaye kwamba tangu aingie nyumba ile hakuwahi kukisikia kicheko hicho, na alidhani mwanzoni kwamba mtu ameugua.

Alipopata pumzi Loriol akachuchumaa, akafuta mchanga kwa kiganja, akaomba chupa za maji zote. Akazipanga. Angella akaona mikono yake na akajua: ndivyo vile vikopo vya chumvi, ila sasa vimepata watu.

"Nani hapa anafanya kazi mlangoni?" akauliza. Mikono yote ikainuka. "Haya. Mtu anakuja, hana kadi, anataka kuingia. Mnamfanyaje?"

Wakajibu kwa pamoja, mmoja akimkatiza mwingine, kwa sababu hatimaye walikuwa wameulizwa jambo lao. Humkimbilii, akasema mmoja. Humshiki, akasema mwingine, ukimshika ni kesi. Unasimama mbele yake ukiongea naye taratibu. Unamsogeza pembeni, mbali na mlango. Unamchelewesha mpaka mwenzako afike.

Loriol alikuwa ameacha kucheka. "Hiyo," akasema, "ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Nimejaribu kuwafundisha watu kwenye timu tatu, kwa vitabu na video, wakanitazama kama kichaa." Akainua chupa moja, akaiweka mbele ya goli la mchanga. "Nyinyi mnaijua tayari. Ila leo, marafiki zangu, hakuna mwenye kadi. Hata wa ghorofa ya tisa."

Kipindi cha pili kilikuwa starehe tupu. Walinzi waliingia na macho ya kazini. Kila mhandisi aliyefika na mpira alikuta mtu amesimama mbele yake kwa adabu kubwa, hamrukii, hamwachii, anamsindikiza polepole kuelekea kwenye kibendera cha kona ambako hakuna kitu. Na wakaanza kuongea. Samahani sir, mfumo uko chini. Samahani sir, utumie mlango wa nyuma. Sir Faris alipokuja tena akitabasamu, Justus alibaki kama ukuta. "Kadi haisomi, sir," akamwambia, na Sir Faris akacheka, na katika kucheka akaupoteza mpira. Ukapigwa mrefu mbele, mshambuliaji wao Siraje akaukimbilia kwa miguu yake mirefu ya Busoga, akausukuma ndani. Sasa ni bao moja kwa moja, sare. Loriol alikuwa amevua viatu vya kitambaa na kuvirusha, kimoja hakikuonekana tena.

Simu ikalia mkononi mwa Angella. Namba ya Ufaransa. Akamkimbilia bosi, bosi akapunga mkono bila kugeuka, kwa kuwa beki wake wa kushoto alikuwa amesimama mahali pasipofaa na ulimwengu wote ungeangamia. Simu ikakata.

Ndipo basi jeupe la kampuni lilipojitokeza nyuma ya majengo, likapiga honi. Zamu ya jioni. Siraje na wenzake wawili wakageuka pale pale wakaelekea basini, wakivua jezi huku wakikimbia. Wawili waliokuwa kando ya mstari wakaingia, na kila aliyeingia alipigana kiganja na anayetoka. "Nimekupokea," akasema aliyeingia. "Nenda."

Aliyetoka wa tatu hakuwa na wa kumpokea. Hapakubaki mtu. Loriol alimuuliza Angella lile neno, nimekupokea, maana yake nini. Angella akamweleza kwa Kiingereza chake: kwamba kazini huwezi kuacha mlango hata kama mchana umekwisha, mpaka mwenzako aje aseme hivyo, na akishasema, mlango ni wake, wewe uko huru. Loriol akalirudia kimoyomoyo. Midomo yake ilionekana ikilitafuna.

Dakika zikawa za mwisho. Geti FC, pungufu kwa mtu mmoja, wakapata kona. Loriol akaona, kila mwenye macho aliona, kwamba mrefu kuliko wote pale ni Justus, naye Justus alikuwa nyuma kabisa, amesimama kwenye nafasi yake kama kawaida.

"Justus! Panda!"

Justus akatikisa kichwa. Hakuwahi kupanda. Loriol hakupanda, yeye apande vipi? "Siwezi, kocha," akaita kutoka mbali. "Nyuma hakuna mtu. Nani atanipokea?"

Loriol alisimama kwenye mstari, vidole vya miguu yake mitupu vikiugusa. Kisha akaukunja ukingo wa suruali yake ya kitani, mguu mmoja, na wa pili, akachukua jezi ya Siraje iliyoachwa mchangani, ikamfika kitovuni. Refa akamtazama, sheria ni sheria, aliyesimama kando anaweza kuingia. Akaingia. Alichechemea kiwanja chote, watu wakiwa wamesimama juu ya mapaa ya magari, mpaka akafika mbele ya Justus na kuinua kiganja.

"Nimekupokea," akasema, kila silabi imekaa upande. "Nenda."

Nimeambiwa na waliokuwepo kwamba Justus alilia, na Justus mwenyewe anasema ni mchanga. Akapiga kile kiganja, akageuka, akakimbia. Alivuka mstari wa kati kama mtu anayevuka mpaka wa nchi bila pasi. Alipofika mbele ya goli la wahandisi hakujua kabisa mtu hufanya nini huko, kwa hiyo akafanya alichokijua: akasimama wima, mikono nyuma, macho mbele. Kona ikapigwa. Mpira ukaja, ukamgonga hapo juu ya sikio, ukaingia golini.

Sitajaribu kueleza kelele zile. Lakini mechi haikuwa imekwisha, maana wakati Geti FC wote wamemlalia Justus kama magunia, refa alikwishaweka mpira katikati, na Sir Faris, ambaye hakuwa mjinga, akaondoka nao mbio. Mbele yake kulikuwa na Nasifu golini na mzee mmoja mwenye miguu mitupu na jezi ya kitovuni.

Loriol hakumkimbilia. Hakumshika. Alianza kurudi nyuma polepole, mikono imefunguka, akiongea. Aliongea Kifaransa, na Sir Faris, Mlebanoni, alikijua. Akadhani anaulizwa jambo, akageuza kichwa ajibu. Alipoutazama mpira tena haukuwa miguuni mwake. Ulikuwa chini ya unyayo mtupu wa Bastien Loriol, umetulia kama paka. Filimbi ikalia.

"Ulimwambia nini?" Nasifu alimuuliza baadaye.

"Nilimuuliza kama amebeba kadi."

Walimbeba begani, wakamwangusha, wakamwomba radhi, wakambeba tena. Alipokuwa chini kwa mara ya pili simu ikalia, na Angella safari hii hakumuuliza. Aliibonyeza mwenyewe akamwekea sikioni. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye vioo vya majengo. Walinzi wakasogea wasikie, ingawa hapakuwa na mmoja kati yao aliyejua Kifaransa. Loriol alisikiliza. Alimtazama Justus aliyekuwa na mchanga kichwani na sikio jekundu.

"Oui," akasema. Kisha mara nyingine, "Oui," na safari ya tatu akacheka alipolisema.

Angella alijua kwamba neno hilo ni ndiyo. Ni la kwanza alilofundishwa na madam. Akamshika Justus mkono mbele ya watu wote, na Nasifu akaanza kuwaita shemeji papo hapo, bila ruhusa ya yeyote.

Loriol aliporudisha simu alikaa mchangani kando ya Justus, akilisugua goti. Akasema kwamba miaka yote ile watu walimsifu kwa kutouvuka mstari wa kati, wakaandika ni nidhamu. "Hata siku moja hakuna aliyekuja kunipokea," akasema. "Sikujua kama hiyo pia ni kazi. Ya kocha."

Justus alitaka kumjibu kitu kizuri, kitu cha kustahili ile picha ya kinyozi, lakini Loriol hakuwa akimsikiliza tena. Uwanjani vilikuwa vimeshaingia vikosi vingine viwili, wapishi wa hoteli na wasafisha vioo, kucheza ya kwao kabla giza halijaingia. Hakuwajua. Hawakumjua. Alikuwa ameinuka nusu, magotini, anamwelekeza kwa mkono beki wa kushoto wa wasafisha vioo asogee, asogee, haoni pengo lile?

Kando ya barabara madam Solène alikuwa amekuja na gari kumchukua mumewe. Alimwona pale, miguu mitupu, jezi ya kitovuni, akiwapigia kelele watu asiowafahamu. Akanyoosha mkono kupiga honi, akaurudisha. Akazima injini.